Maneno ya Kerubo Niliyabandika Kila Mahali

Mimi ndiye niliyevunja nyumba ya rafiki yangu. Nayaandika haya kwa sababu siwezi tena kuyasimulia mtu akinitazama usoni.

Nitamwita Kerubo. Jina lake halisi nimeshalianika vya kutosha.

Tulikua pamoja Sironga. Yeye akaolewa upande wa Ikonge kwenye mashamba ya majani chai, mimi nikapata kazi ya kufundisha kompyuta mjini Nyamira. Halafu akafiwa na mtoto wake wa kwanza. Kwa mumewe walijua homa ilimshika mtoto ghafla. Mimi peke yangu aliniambia ukweli, tukimenya ndizi jikoni kwa mama yake: mtoto aliamka mwili ukiwa moto, lakini gari la kukusanya majani chai lilikuwa linakuja kituoni siku hiyo, akaona amalize kuchuma kwanza.

"Nilimbeba mgongoni kwenda hospitali," akasema, "na njiani akanyamaza. Niliogopa kufungua leso niliyombebea nimwone."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Laiti yangebaki huko.

Wakati huo nilikuwa naandika hadithi za kwenye simu, zile ambazo msomaji mwenyewe anachagua mhusika afanye nini, na kila chaguo linafungua ukurasa wake. Nikaandika ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Aende hospitali asubuhi, au amalize kuchuma? Programu ninayotumia inakuruhusu kuandika aya mara moja, kisha kuiita itokee kwenye ukurasa wowote. Nikaandika aya ya leso, maneno ya Kerubo vilevile alivyoyasema. Niliiona nzuri mno, nikaiita kila mahali. Nilijidanganya eti nawafunza kina mama.

Jina la huyo mama lilikuwa nafasi ambayo msomaji anajaza lake. Nilipokuwa naijenga niliweka jina halisi la Kerubo pale ili isikae wazi, nikasahau kulitoa. Kila nilipoijaribu niliandika jina langu, kwa hivyo sikujua kwamba asiyejaza kitu anaonyeshwa la rafiki yangu.

Nikaituma kwenye grupu ya kanisa. Wifi yake Kerubo akaifungua bila kujaza jina. Akaisoma yote, akampelekea kaka yake simu.

Mume hakupiga kelele. Alimuuliza tu mkewe, "Siku ile, mtoto aliamka mgonjwa?"

"Ndiyo," Kerubo akajibu.

Bwana akatoka, akaketi kando ya kaburi la mtoto. Tangu hapo hakumsemesha tena. Walikaa hivyo, wakila bila neno, mpaka Kerubo akafunga nguo zake akarudi kwao.

Nilimfuata Sironga nikamkuta akianika nafaka ya wimbi uani. Nikaanza kueleza habari ya jina, kwamba nilisahau, kwamba sikukusudia.

"Ya jina nimekusamehe," akasema bila kuinua macho. "Lakini na mimi niliisoma hadithi yako. Nilichagua kwenda hospitali asubuhi. Niliacha majani, nikaenda. Bado njiani akanyamaza."

Nilikuwa nimeona uvivu kuandika njia ambayo mtoto anapona, nikaita aya ileile, nikaendelea na mengine.

"Ulijaribu tena?" nikamuuliza.

"Mpaka simu ikazima."

Aligeukia wimbi wake. Nikaenda zangu.

Hadithi nimeifuta. Kabla ya kuifuta niliandika ule ukurasa uliokosekana, mtoto anaamka wodini anaomba uji. Nilimtumia ujumbe kumwambia. Aliusoma, hakujibu, na hajanijibu mpaka leo.

Wewe unayeandika, mtu akikuamini akakupa uchungu wake, uache ubaki wake. Na ukimpa mtu nafasi ya kuchagua, usije ukamwekea kifo kilekile kila anakogeukia. Huwezi kujua ni mama wa nani anayesoma.