Geti Hujaribiwa Pande Mbili

Watu wa ploti yetu wakisikia kwamba niliwahi kwenda Malindi kupumzika, hunikazia macho wakitaka niwasimulie bahari. Sina bahari ya kusimulia mimi. Nikikumbuka Malindi nakumbuka vumbi kwenye meno, na kinyaa cha mtu aliyeshamaliza bakuli la uji ndipo akaona nzi chini.

Lakini wacha nianze na bwana yangu, maana habari ni yake. Masinde ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi, kwenye kiwanja kisicho na paa: mabati pande tatu, upande wa nne barabara. Anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya shule. Na ana ugonjwa mmoja. Hakuna kitu kinachotoka kwake kabla hajakijaribu mwenyewe. Kitanda anakilalia. Jiko analichemshia chai. Geti ndilo balaa kabisa. Analisimamisha kiwanjani, anasimama ndani, anafungua na kufunga, kisha anazunguka nje, analisukuma, analining'inia, anapitisha vidole kwenye kila pembe akitafuta chuma chenye makali.

"Geti lina watu wawili," husema. "Wa ndani amelipia. Wa nje hajalipia, lakini vidole anavyo."

Wateja hukasirika wakingoja, na yeye wala hana habari. Mara ngapi nimempelekea chakula cha mchana akaniita kabla sijatua sufuria: "Mama Nasambu, hebu simama ndani ufunge komeo." Mimi nafunga, yeye yuko nje, ananitazama kati ya nondo kama askari jela. Akisharidhika anadondosha matone matatu ya chuma kwenye kona ya chini. Hiyo ndiyo sahihi yake.

Tulikuwa tunakaa Dandora, chumba kimoja, upande ule ambao moshi wa jalala huingia bila kupiga hodi. Mwaka huo, tisini na sita, mtoto wetu Nasambu alikuwa na miaka saba na kikohozi kilichokataa kila dawa. Mama mmoja wa kliniki aliniambia wazi: "Huyu dawa yake ni kuhama." Rahisi kusema. Nilimshukuru nikarudi nyumbani kufunga dirisha.

Na jalala lile lilikuwa na wageni wake, usifikiri. Magari meupe yalikuwa yakija polepole, vioo vimepandishwa, watu ndani wameziba pua. Kisha kioo kinashuka kidogo, biskuti zinaruka nje, watoto wanarukiana, na kamera inatokeza. Siku moja nilimwona Nasambu wangu katika rundo lile, yuko magotini kwenye matope, ameng'ang'ania biskuti na mtoto mwenzake. Nilimchapa. Nilimchapa huku nikilia.

"Wewe ni kuku? Nauliza, wewe ni kuku wa kumwagiwa?"

Jirani yetu Adoyo ndiye aliyenishika mkono. Akaniambia, "Mama Nasambu, inatosha, mtoto ana njaa ya utamu tu." Nikamjibu kwamba mtu anayemrushia mwanadamu chakula hana tofauti na mchawi. Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Nayakumbuka vizuri.

Ndipo akaja Matheka. Mkamba mmoja mwenye kitambi na maneno matamu, biashara yake kutembeza watalii huko pwani. Alitaka fremu sita za bagi, vile vigari vya kukimbia mchangani visivyo na milango wala bodi, mabomba matupu na viti viwili na magurudumu manene. Injini angetia huko huko. Masinde alivitengeneza kwa miezi miwili, akikunja kila bomba kwa upole, na siku ya mwisho akasema havitoki mpaka vitiwe injini avijaribu. Matheka alicheka akaleta lori. Vikapakiwa vyote sita, havina hata tone moja.

Bwana yangu hakula vizuri wiki nzima. Ati fundi mzima analia na mabomba! Lakini Matheka hakuwa mjinga. Akarudi.

"Sasa, fundi. Njoo Malindi Desemba, wewe na mama. Hoteli juu yangu, siku nne. Endesha hivyo vigari mpaka uchoke. Ukiridhika, utie hayo matone yako, halafu nataka vingine kumi na viwili."

Kumi na viwili! Hiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Hiyo ilikuwa vyumba viwili mtaa wa Umoja na hewa ya kuvuta bila kukohoa. Tulimwacha Nasambu kwa Adoyo, tukapanda basi, na njia nzima mimi nilikuwa napanga mapazia.

Hoteli yenyewe, heri ningenyamaza. Watu wazima, wazee wenye wajukuu, wamejipaka mafuta wakajianika juani kama omena. Sahani zinaachwa nusu, nyama nzima zinakwenda kumwagwa, na mimi mtu wa Dandora najua vitu vya kumwagwa huishia mbele ya nani. Nilifunga mkate kwenye kitambaa nikautia kwenye mkoba. Masinde akaninong'onezea niache ushamba. Nikamwambia ushamba ni wao.

Siku ya pili asubuhi tukatoka na bagi zote sita. Wageni walikuwa kwenye vigari vinne, na mbele yetu sote, kwenye chake, kiongozi wa msafara, jamaa mmoja anaitwa Griffins, miwani nyeusi usoni. Kumbe mtu wa Mumias! Alitusalimu mulembe, salamu ya kwetu Waluhya, nikafurahi kupata ndugu ugenini. Masinde aliendesha, mimi pembeni yake nimejifunga kitambaa kichwani.

Mchangani palikuwa pazuri, sitadanganya. Tulipanda matuta na kushuka, tumbo likabaki juu, nikapiga mayowe, na Masinde alicheka mpaka magego yakaonekana. Alikuwa akipigapiga bomba la juu kwa kiganja, akisema, "Sikia, Mama Nasambu, halilii. Halilii kabisa!" Nikajua Umoja tumefika.

Kisha njia ikaacha mchanga ikaingia kijijini. Nasema kijijini, si kando ya kijiji. Tulipita katikati ya nyumba za watu, kando ya moto wa mtu, juu ya shamba la simsim la mtu. Mama mmoja alikuwa akikimbia kuanua nguo kabla ya vumbi. Na watoto walikuwa wamejipanga pande zote mbili, mikono mbele, wanapiga kelele. Wageni walikuwa na mifuko ya peremende mapajani. Wakaanza kurusha. Watoto wakarukiana chini, karibu na magurudumu, na Griffins akasimamisha msafara ili watu wapige picha.

Nilitema mate chini, ptu! mbele ya kila mtu.

"Wewe Griffins, nani alikufundisha huu uchafu? Hao ni watu!"

"Mama, watoto wenyewe wanapenda," akasema akicheka. "Halafu wasiwasi wa nini? Hapa si kwetu."

Masinde alikuwa ameinama akitazama gurudumu la mbele, kwa muda mrefu. Kisha akazima injini.

"Mimi nabaki. Mgongo unaniuma. Nyinyi endeleeni, nitawangoja."

Tulikuwa tumepita kibanda cha soda mwanzoni mwa kijiji, nikadhani ndiko anakokwenda kuketi. Griffins akanihamishia kwenye kigari chake, msafara ukaenda mpaka kwenye mikoko, wageni wakanywa soda, tukageuza. Njia ya kurudi ni ile ile.

Tulipokaribia kijiji, Griffins akaniwekea mfuko wa peremende mapajani.

"Mimi nashika usukani. Rusha wewe, mama."

Niliukalia. Kweli niliukalia, nikafunga mikono. Lakini watoto walikuwa wameshatuona, wakaanza kukimbia sambamba nasi. "Mama! Mama! Mama, hapa!" Nikatoa moja nikairusha ili wanyamaze. Hawakunyamaza. Nikarusha nyingine.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo sijamwambia mtu. Ilikuwa tamu. Ukirusha kushoto, wote wanakwenda kushoto. Ukirusha kulia, wote wanamiminika kulia. Mimi Muhonja, ambaye hata mbwa wa ploti nikimfukuza hasogei, nilikuwa na kijiji kizima kwenye kiganja. Sikumbuki nilianza kucheka saa ngapi. Nilichota konzi nzima, nikasimama kidogo kwenye kiti, nikairusha kwa nguvu zangu zote kule walikokuwa wamesongamana zaidi.

Katikati yao palikuwa na mwanamume mrefu, vumbi tupu kuanzia nywele mpaka viatu, amesimama kando ya mwanamke aliyempakata mtoto. Peremende zilimpiga usoni. Hakujikinga. Hakuinua hata mkono. Nilikuwa bado nacheka nilipolitambua shati, shati la kijani ambalo vifungo vyake nilivishona mwenyewe siku moja kabla ya safari.

Mkuki kwa nguruwe! Tulisimama mwisho wa kijiji, nikashuka. Masinde alikuja akitembea taratibu, na yule mwanamke nyuma yake. Juu ya nyusi palikuwa na alama ndogo nyekundu.

"Huyu ni Batulo," akasema. "Ile simsim ni yake. Na huyu mwanawe alikanyagwa mguu na gurudumu Jumanne. Alikuwa anaokota."

Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kipande cha leso. Nilingoja Batulo anitukane. Ningemshukuru. Badala yake akanitazama nilivyoegemea kigari, akasema, "Pole, dada. Jua kali. Maji yapo, karibu unywe." Nikapewa kata. Nikanywa maji ya mama yule huku mfuko wa peremende bado uko mkononi mwangu, na tangu siku hiyo sijawahi kunywa maji machungu kama hayo.

Njia nzima mpaka hotelini Masinde hakuligusa jambo lile. Alizungumza habari ya joto.

Jioni Matheka akatukuta mezani, furaha tele, ameagiza kuku.

"Enhe, fundi! Vipi?"

"Ndani viko sawa," Masinde akasema. "Havilii, havipinduki ovyo, haviumizi mtu."

"Nilijua! Basi kumi na viwili?"

"Nje havijafaulu."

Akatia mkono mfukoni, akatoa peremende moja yenye vumbi, akaiweka mezani kati ya sahani.

"Gurudumu liko wazi. Nilifikiria mguu wa aliyeketi, sikufikiria mguu wa aliyesimama. Kosa hilo ni langu, na nitayafunika magurudumu bila kukudai. Lakini hii siwezi kuichomelea. Ondoa njia kijijini, acha kurusha, nitakutengenezea hata ishirini."

Matheka akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Fundi, elewa biashara. Mchanga hata kwao upo. Watu wanakuja kwa ajili ya kijiji."

"Basi tafuta fundi mwingine."

Nyumba yangu ya Umoja ikaondoka pale pale, mapazia na yote. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie fikiria kifua cha mtoto, lakini kwa mdomo upi?

Matheka akaiokota ile peremende akaigeuza. "Au ni hii tu imekukasirisha? Ni mgeni gani alikurushia? Niambie, nitamleta hapa hapa akuombe msamaha."

Uma ulinidondoka. Masinde hakunitazama. Aliitazama ile peremende.

"Sikumwona," akasema. "Kulikuwa na vumbi."

Tulirudi Dandora. Dirisha lile lile, kikohozi kile kile. Nasambu alirukia mkoba wangu kutafuta zawadi, nikampa mkate mkavu wa hoteli, akaufurahia. Mfuko wa peremende nilikuwa nimeutupa chooni Malindi, na bado kila nikinawa mikono nilihisi ile sukari kati ya vidole. Usiku sikusema, mchana sikusema. Naye hakuuliza.

Wiki iliyofuata nilimpelekea chakula Kariobangi. Kulikuwa na geti jipya, kubwa, limesimamishwa kiwanjani, bado halijapakwa rangi.

"Mama Nasambu," akaniita, "njoo tulijaribu."

Niliweka sufuria chini, nikaenda kusimama ndani kama siku zote, mkono kwenye komeo. Akatikisa kichwa.

"Leo mimi nitakaa ndani. Wewe toka nje."

Nikatoka. Akafunga komeo, akanitazama kati ya nondo, akangoja. Nikaanza kupitisha vidole kwenye kila pembe, taratibu, nikitafuta makali.