Fimbo Iliyoshuka na Maji

Nakumbuka kiangazi kimoja nikiwa msichana, mto wetu chini ya milima ya Mbooni umebaki mchanga mtupu, na joto linacheza juu yake hadi ng'ambo inaonekana kama inaelea. Maji tuliyapata kwa kuchimba shimo katika mchanga huo. Nisamehe, mwanangu Mutheu, nimeanzia mbali. Kunywa chai yako, nitafika.

Susu, mama yake baba yangu, alinipa kazi ya kuangalia maji yasije yakatukatikia. Nikasimamisha fimbo ndani ya shimo, nikachonga alama pale maji yalipofika. Kila asubuhi niliyakuta pale pale kwenye alama, nikarudi nyumbani nikiimba. Sikuona kwamba kila tulipochota tulichimba zaidi kuyafuata maji, na fimbo ikashuka nayo. Siku shimo lilipotoa tope, ndama wa susu alikuwa amelala chini kwa kiu, hawezi kusimama.

Susu hakunipiga. Alisema tu, "Mueni, fimbo yako inashuka na maji, sasa itakuambia nini? Enda uweke alama kwa ile mawe kubwa kando ya shimo. Hiyo haiendi mahali."

Leo mchana nimeyakumbuka hayo nikikutazama umeinamia bodi yako ndogo ya umeme, ile inayolinda joto la mashine ya kuangulia mayai. Mara ya kwanza ilikuambia betri imejaa mpaka ilipozima, na mayai ya jirani yetu Mama Kyalo yakapoa yote. Ulilia, nami niliumia. Sasa amekuletea mengine bila neno la lawama.

Ulibadilisha waya, ukabadilisha betri, wapi, bodi ikasema imejaa tu. Ndipo nikakupa mita yangu ya tangu nilipofundisha ufundi wa umeme Nunguni. Mita ikasema volti tatu na kidogo. Bodi ikashikilia nne.

"Anti, sasa niamini gani?"

Nikakuambia bodi inaipima betri kwa umeme inaopewa na betri hiyo hiyo. Betri ikishuka, kipimo nacho kinashuka, namba inabaki palepale. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Ukagusa chipu ile nyeusi katikati ya bodi. "Lakini ndani ya chipu kuna volti moja ndogo, hiyo haibadilikangi."

"Basi hiyo ndiyo mawe yako."

Ukarekebisha programu ipime kwa volti hiyo, na namba ikashuka hadi ikalingana na mita. Hukushangilia. Ulikwenda kwanza kuichaji betri, na hapo nilikupenda zaidi.

Basi shika hili, mwanangu. Usijipime kwa kitu kinachoshuka pamoja nawe. Rafiki anayelegea ukilegea atakuambia uko sawa, na moyo wako utakuambia hivyo hivyo. Tafuta wa kukuambia umepungua, na akisema, usinune.

Mungu akulinde, mayai ya Mama Kyalo yaanguliwe wewe naye mkiwa mnayatazama. Sogea nikutemee mate ya baraka kifuani, kama susu alivyonitemea jioni ile, tumechuchumaa kando ya ndama, naye ameanza kunywa maji tuliyombebea kutoka mbali.