Fundi Aliyesahau Hodi

Saa mbili kasoro asubuhi, baridi ya Eldoret bado imeng'ang'ania vioo vya madirisha, na Joyline Nelima yuko mkutanoni. Mwenyekiti ni yeye. Katibu ni yeye. Hata wajumbe ni yeye, maana viti vyote vilivyoizunguka meza hii ndefu ni vitupu isipokuwa alichokalia.

Anafungua ukurasa wa gazeti la jana. Anajikuna shingo. Anajiegemeza kama mtu aliyechoshwa na ripoti ya mweka hazina, kisha anatulia tuli na kutazama dari, mahali alipofunga kifaa cheupe cha kutambua watu, kinachotoshana na kisahani cha kikombe. Mlango ameuacha wazi kidogo. Kwenye ukuta wa korido anaona wekundu wa taa ndogo iliyo juu ya fremu, nao haujazimika.

"Watu wanafikiria hii sensa unaipima kwa kupunga mikono," anasema bila kuinuka. "Sasa nani anapunga mikono kwa mkutano? Watu hukaa. Wengine husinzia. Lazima nikae kama wao, nisinzie kama wao, nione kama itaniona."

Nelima, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni fundi wa stima, mzaliwa wa Kimilili na mkazi wa mtaa wa Munyaka. Siku hizi kazi yake kubwa ni kufunga sensa na taa za milangoni katika vyumba vya mikutano vya ofisi. Sensa hukaa darini ikitambua kama kuna mtu, na taa hukaa nje ikitangaza. Kijani, chumba ni kitupu, ingia. Nyekundu, kuna watu. Ukimsikia akieleza utadhani kazi yenyewe ni mchezo, mpaka umwone juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya dari, mkono mmoja ukivuta waya na mwingine ukipapasa bisibisi mfukoni.

Ni mtu wa kucheka, huyu mama. Hucheka kabla hajaanza hadithi, hucheka katikati, na ikiisha humcheka aliyechelewa kuielewa. Lakini hadithi anayoicheka kuliko zote ni ile iliyokaribia kumnyima kazi hii, na siku yenyewe ilipotokea hakucheka hata kidogo.

Alifika Eldoret akiwa na mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa nguo. Kazi ya kwanza aliyoipata ni kubeba maji na kokoto kwenye jumba lililokuwa likijengwa Elgon View. Humo ndimo alimokutana na Gerishon Mabonga, fundi mzee wa stima aliyekuwa akitandaza waya ukutani. Nelima alimsumbua kwa maswali. Huu waya mweusi unaenda wapi? Kwa nini huo hauguswi? Mzee Gerishon anakiri kwamba alimpa testa ya kupimia stima mkononi ili anyamaze.

Hakunyamaza. Alikaa na mzee huyo miaka sita, akijifunza na kufanya vibarua. Siku yenye kazi aliondoka na shilingi mia nane. Siku isiyo na kazi aliondoka alivyokuja. Na vibarua havikuchagua mahali: leo Cheptiret, kesho Kapsabet, keshokutwa mahali ambapo hata jina lake hakuwahi kulisikia. Alitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi Mungu alipopenda.

Mtoto hakuweza kuishi hivyo. Nekoye alipofika miaka mitatu, Nelima alimpeleka Kimilili kwa bibi yake, ambaye mtoto humwita kukhu. Alisema ni kwa muda tu. Sasa Nekoye ana miaka minane.

Hapa ndipo kicheko cha Nelima hukatika. Anasema kila jioni humpigia simu, na kila jioni mtoto humwuliza swali moja, nitakuja kwako lini, naye humjibu kwamba hivi karibuni. "Huyo mtoto ananijua kwa sauti," anasema. "Nikienda nyumbani, siku ya kwanza ananionea haya. Mpaka nianze kuongea ndio anakuja kwa mapaja."

Kwa hivyo kazi ilipomjia ya kufunga taa katika jengo la ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa mjini, Nelima hakuona taa. Alimwona Nekoye. Mzee Gerishon ndiye aliyeitiwa kazi hiyo kwanza, lakini magoti yake yalikuwa yameshasusia ngazi, akamwambia mwanafunzi wake aende kwa jina lake mwenyewe. Masharti yalikuwa wazi. Angefunga chumba kimoja tu cha majaribio, kile cha bodi. Bodi ikiridhika, angepewa vyumba vyote vya jengo, na juu ya hapo kazi ya kuvitunza kwa mwaka mzima. Kazi ya mjini, ya mchana, ya kurudi nyumbani kabla giza halijaingia. Kazi ambayo mama anaweza kuifanya akiwa na mtoto.

Aliyeitaka taa ni meneja wa ofisi, Rosebella Adongo, mzaliwa wa Siaya, mwanamke nadhifu asiyependa kukatizwa. Tatizo lake lilikuwa hodi. Katika jengo lile kila mkutano ulikuwa na hodi zake. Anayetafuta ufunguo, hodi. Anayetaka kujua kama chumba kitapatikana, hodi. Aliyepita tu akasikia sauti akaona si adabu kupita kimya, hodi. Rosebella alitaka mlango ujieleze wenyewe, watu waendelee na safari zao.

Nelima alifunga kila kitu barabara, akaketi humo akafanya mikutano yake ya peke yake, akaridhika. Kisha, kwa kutaka kumfurahisha meneja, akaongeza ambalo hakutumwa. Alichukua kalamu nene na karatasi, akaandika kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni: NYEKUNDU, KUNA WATU. USIFUNGUE. USIBISHE.

"Hiyo karatasi," anasema sasa, akijifunika uso kwa viganja. "Ningejua ningeila."

Siku ya bodi, aliyetangulia kufika ni mwenyekiti, Mzee Kipngetich, mfugaji mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Aliikuta taa ya kijani, akaingia pamoja na Rosebella na mjumbe mmoja. Taa ikageuka nyekundu, kama ilivyofunzwa. Wakaketi kuwangoja wenzao.

Wenzao wakaja. Wa kwanza alikuwa Mzee Kituyi, mjumbe kutoka Cheptiret, viatu vimeng'arishwa mpaka unaweza kujitazama. Alisimama mbele ya mlango, akaitazama taa, akaisoma karatasi polepole, akavua kofia. Kumbe kuna watu ndani wanaongea yao. Akaketi kwenye benchi la korido, kofia gotini. Akaja wa pili, akaelezwa na wa kwanza. Wa tatu akaelezwa na hao wawili. Muda si muda benchi likajaa, watu wazima wenye mashamba na wajukuu, wametulia kama wanaosubiri daktari.

Chai nayo ikaja, birika na sinia la mandazi. Aliyeileta alikuta nyekundu, akasoma, akaona ya nini kuirudisha. Akawapa walio nje.

Nelima alifika akiwa amevaa shati alilolipiga pasi mara mbili. Aliambiwa aje aitwe ndani, aeleze kazi yake na asikie uamuzi. Akaikuta taa yake inawaka nyekundu, safi kabisa, moyo ukajaa fahari. Aliwaamkia wazee, akawadhania ni wafugaji waliokuja na mambo yao ya maziwa. Wakamsogezea nafasi, akapewa kikombe. Akaketi katikati ya bodi, akiingoja bodi.

Wakapiga gumzo. Mzee Kituyi aliisifu ile taa. Alisema siku hizi watu wanafungua milango ya wenzao kama ya zizi, lakini hii taa ina heshima. Nelima hakuweza kujizuia, akasema ni yeye aliyeifunga. Wazee wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ametulia raha mustarehe, andazi la pili mkononi.

Ndani, wale watatu walikuwa na njaa. Mzee Kipngetich alitazama saa, akaitazama tena, akalaumu wajumbe wasiojua maana ya saa, akauliza hata chai imeenda wapi. Hatimaye akatoa simu.

Simu ikalia mfukoni mwa Mzee Kituyi. Na kwa sababu mwenyekiti hajui kuzungumza kwa sauti ya chini, walio kwenye benchi waliyasikia maneno yake mara mbili, kwa simu na kupitia mlangoni.

"Kituyi, uko wapi?"

"Niko hapa nje ya mlango, mwenyekiti. Tuko wengi. Tunangoja mmalize."

"Tumalize nini? Tunawangoja nyinyi."

Wazee wakatazamana, wakaitazama taa, wakaitazama karatasi, kisha macho yote yakamrudia Nelima. Andazi lilikuwa bado kinywani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nasi tulishaambiwa tangu utotoni.

Aliona vyumba vyote vya jengo vikiondoka, akaona vibarua vya Kapsabet vikirudi, akamsikia Nekoye akiuliza tena, nitakuja kwako lini. Alijiambia, Nelima, umejimaliza kwa mkono wako mwenyewe, tena kwa kalamu nene.

Mlango ukafunguka. Mzee Kipngetich akaitazama bodi yake iliyokuwa ikifuta makombo ya mandazi, akauliza ni nani aliyeweka karatasi ile. Nelima akasimama.

"Ni mimi, Mzee. Taa haina makosa, makosa ni yangu. Taa inajua kuna watu, lakini haijui ni nani ameitwa. Mimi nikawakataza watu kubisha. Na hodi hubishwa pale penye watu, Mzee. Hakuna mtu hupigia nyumba tupu hodi."

Mwenyekiti alinyoosha mkono, akaibandua ile karatasi, akaikunja vizuri kana kwamba ni noti. Ndipo mabega yake yalipoanza kutikisika. Kicheko kilianzia kwake, kikalipitia benchi lote, kikamwangukia hata Rosebella aliyekuwa amesimama nyuma yake na daftari kifuani. Wanaofanya kazi ghorofa ya chini wanasema walidhani kuna harusi.

Rosebella alikuwa na neno lake, na halikuwa la kupuuzwa. Alisema hodi zikirudi zote, basi taa ni ya nini? Nelima akampa suluhu palepale: anayetafuta chumba atazame taa na apite zake, aliyeitwa mkutanoni abishe mara moja na aingie. Rosebella akafikiri kidogo, akaikubali.

Wakaingia. Hoja ya kumpa Nelima jengo lote ilitolewa na Mzee Kituyi, aliyesema kwamba hakuna mtu aliyeijaribu taa hiyo kumshinda yeye, na kwamba kwa karibu saa nzima haikukosea hata mara moja. Ikapita bila kupingwa. Kisha chai nyingine ikaitishwa, safari hii kwa walio ndani.

Mzee Gerishon aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa. "Nilimfundisha waya," anasema. "Hodi nilidhani mama yake alishamfundisha."

Ndiyo maana asubuhi hii Nelima yuko hapa ghorofa ya pili ya jengo hilo, akiongoza mkutano wa mtu mmoja. Anamaliza gazeti, anakunja ngazi, anabandika karatasi mpya mlangoni. Sasa maneno yake ni haya: NYEKUNDU, WAPO. KAMA UMEITWA, PIGA HODI.

Saa kumi na moja jioni yuko Munyaka. Chumba chake ni kimoja, kimepakwa rangi upya, na pembeni kuna kitanda kidogo ambacho godoro lake bado limo ndani ya karatasi ya plastiki. Shule ameshaipata, ya karibu, na jirani mwenye duka la mboga amekubali kumwangalia mtoto hadi mama arudi. Nekoye atakuja Januari, muhula ukianza.

Juu ya mlango kuna taa. Ni ile ya sampuli, yenye ufa kwenye kifuniko, ambayo Nelima alijifunzia. Aliifunga pamoja na sensa yake wiki moja baada ya ule mkutano, na majirani wakamcheka, wakamwuliza mtu mmoja kwa chumba kimoja anamtangazia nani. Kila jioni akifika huikuta ya kijani. Anasema zamani hakujua kijani kinaweza kumuuma mtu.

"Nangoja tu ile jioni nitatoka kazini nikute ni nyekundu," anasema, akiitazama. "Nitasimama hapa kwa mlango wangu mwenyewe na nitabisha hodi."

Nekoye ameshaelezwa mpango wote kwa simu, naye ametoa sharti lake. Amesema kukhu alimkataza kumfungulia mtu asiyemjua, kwa hivyo hatafungua kabla hajauliza ni nani na kuisikia sauti.

Nelima anacheka, kisha anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Aulize tu," anasema. "Sauti yangu anaijua."