Breki Zilizonuka Mawese

Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi miaka ya vita, midoli yetu ilikuwa vipuri vilivyokufa. Tulibiringisha beringi kuukuu barabarani, mikono myeusi kwa grisi, tukitafuna muhogo wa kuchoma. Milio ya bunduki ikisikika upande wa milimani tuliitwa ndani, halafu tukatoka tena. Nani alipigana na nani, sikuelewa. Magurudumu niliyaelewa, au nilidhani hivyo.

Asubuhi moja wazazi wetu waliondoka wasirudi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, nikaacha shule. Tulibaki watatu, mimi na wadogo zangu Asha na Idi, pamoja na teksi ya baba. Jirani yetu Papa Rama aliiendesha, na chakula chetu kilitoka humo. Siku moja alipitisha ukucha kwenye diski ya breki, ukakwama kwenye mfereji uliochimbika humo.

"Hii imeisha, imekuwa nyembamba kama sahani. Mi siendeshi tena."

Na shangazi alishasema: teksi ikilala, Asha atakwenda kwake Kibenga, Idi kwa mjomba kule Ngozi.

Mipaka ilikuwa imefungwa, diski mpya hazikupatikana. Lakini baba aliacha mbili chini ya kitanda, ndani ya gunia. Tuliinua gari kwa jeki, nikafungua gurudumu, nikatoa plakete, vile vibao vinavyoibana diski, nikagonga diski ya zamani mpaka ikaachia.

"Kaza, mama, kaza! Unakanda unga?" Papa Rama alinitania.

Nikafunga mpya kushoto, kisha kulia. Ziling'aa!

Tukaijaribu barabarani. Papa Rama akakanyaga breki; gari likaendelea na safari yake. Mbuzi wakatawanyika, likasimama ndani ya rundo la mchanga. Diski mpya ziwe mbaya kuliko za jana? Nilifungua, nikatazama, nikafunga, nikafungua tena. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Shangazi alikuwa mlangoni. "Asha, kusanya nguo zako."

Idi akainama kwenye gurudumu. "Dada, nani anapika?"

Moshi wa breki ulinuka mawese. Baba alizipaka diski mafuta hayo ili zisishike kutu, nami sikuzifuta.

"Yoo! Mutoto amekaanga gari!" Papa Rama alicheka hadi akakaa chini.

Petroli ya ziada ya kusafishia hatukuwa nayo. Nilizisugua diski kwa maji ya moto na majivu, nikapiga plakete msasa. Mara ya pili Papa Rama alikuja na gari moja kwa moja kuelekea kwa shangazi, akasimama hatua tatu mbele yake. Shangazi alimrudishia Asha furushi lake.

Vijana wa leo husubiri taa iwake mbele ya usukani, kisha wanapiga simu. Kucha zao ni za kupaka rangi tu. Diski zimejaa madukani mtaa wa Asiatique, barabara ziko wazi. Asha anaishi ng'ambo, Idi ana nyumba yake Kajaga. Hakuna aliyewachukua, walikua tu, wakaenda. Hata hilo sijalielewa vizuri. Jirani akichemsha mawese, bado nageuka kumtafuta Idi, aniulize nani anapika.