Shemeji Kachambua Samaki, Wavuvi Waliokosa Hawamo

Msimamizi wa ukurasa, jina langu lifunike, maneno uyaache yalivyo.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, naishi karibu na Msambweni. Mume wangu ni mvuvi. Mimi huandika uzito wa samaki kwenye mizani ya diko letu, pale vyombo vinapofikia. Takwimu nimejifunza mwenyewe, kwa kitabu alichokiacha mpangaji. Hakina jalada, lakini akili zimo.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alisoma wiki sita kwenye simu, akatoka na cheo: mchambuzi wa data. Juzi maafisa wa uvuvi wakampa daftari langu awaandikie ripoti. Katia rangi tano na mshale unaopanda, kahitimisha kwamba kila chombo hapa hurudi na samaki wa kutosha. Kwa hiyo diko letu litolewe kwenye orodha ya kupewa nyavu mpya.

Sasa, huku kwetu mvuvi aliyekosa hapiti mizanini. Huzungukia upande wa mikoko, akaingia kwake kimya, asije akaulizwa. Daftari langu lina waliopata tu. Mume wangu mwenyewe, siku nne kwa wiki hayumo. Na ndugu yake, jioni, hula naye mchicha sinia moja asijiulize samaki wa ripoti wako wapi.

Nilimweleza kwa adabu. Akacheka.

"Hizo ni takwimu, shemeji, mambo ya darasani. Mimi ni mchambuzi, nachambua kilichopo."

"Na kisichokuwepo akichambue nani?"

Akasema sina cheti. Kweli sina. Nijuavyo mimi, mchambuzi hupewa kikapu akaeleza kilichomo, na ni kazi ya heshima ikiwa mwenyewe ana haya. Mtakwimu huanza kwa kuuliza nani alikijaza, na nani hakufika kabisa. Huyu wetu si huyu wala yule. Ni fundi rangi aliyekosa ukuta.

Alhamisi ripoti inasomwa mbele ya maafisa na wavuvi wote. Nimemwambia mume wangu nitasimama niseme. Kainamisha kichwa.

"Watakutaka uwataje waliorudi mikono mitupu. Utaanza na mimi?"

Nikinyamaza, nyavu zimekwenda. Nikisema, namvua nguo mume wangu mbele ya diko zima ili nimsahihishe mpumbavu. Nishaurini, wenzangu, nifanye nini? Wenye vyeti nao karibuni, ila msome swali kwanza.