Uji Ambao Kabula Hakunywa

Uji wa mtama ukishika chini ya sufuria, harufu yake hunisimamisha hata leo. Hunirudisha shuleni kwetu, karibu na Nkololo, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na malori yao, na mambo mengi, pamoja na uji wa shule, yakawa juu ya wazazi wenyewe. Kila nyumba ilipeleka mtama na karanga kidogo. Mpishi akawa Mama Kabula, mjane aliyehamia kutoka upande wa Malampaka. Ukoo wake hatukuujua. Kijijini kwetu hilo lilitosha kumtilia mashaka.

Bibi yangu alikuwa mpika pombe, na kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu. Asubuhi moja alinishika bega.

“Yule mama anaonja?”

“Anaonja, bibi. Kwa mwiko.”

“Mtu mzima anaweza kujikinga mapema kwa dawa zake. Mtazame mtoto wake. Asipokunywa, na wewe usinywe.”

Nikamtazama. Kabula nilisoma naye darasa moja. Kengele ya uji ikilia, sisi tulikimbilia foleni na vikombe vyetu. Yeye alikwenda nyuma ya darasa, akachora chini kwa kijiti. Siku zikapita, hakunywa hata tone. Mimi si msemaji, lakini wenzangu waliponiuliza kwa nini namwaga uji, niliwaambia. Basi wote wakawa wanamwaga kwenye ua wa minyaa. Tukamchunguza jogoo wa mwalimu aliyekuwa akiudonoa, tukimngojea afe. Akanenepa.

“Dawa ya watu haimpati kuku,” alisema Masanja, mjuzi wetu wa kila kitu.

Mchana tulirudi nyumbani tukiyumba kwa njaa, na maneno yakazidi kukua. Mwishowe bibi na wanawake wenzake walikuja shuleni, wakasimama mbele ya jiko. Walitaka mpishi aondoke, na uji ufe.

“Kama uji wako ni mzuri,” bibi alisema, “mbona mwanao hanywi?”

Mama Kabula hakuacha kukoroga. “Mayu, mama yangu, siku ya mkutano wa wazazi nani alisimama akasema mpishi asije akamnenepesha mwanawe kwa mtama wetu? Nikamkataza mwanangu asiguse. Sasa asipokunywa mimi mchawi, akinywa mimi mwizi. Niambie wewe, nimfanyeje?”

Aliyesimama mkutanoni alikuwa bibi.

Bibi alichukua kikombe, akachota, akaonja taratibu kama anavyoonja pombe yake. Kisha akakipeleka mwenyewe hadi nyuma ya darasa, nasi tukamfuata.

“Kunywa, mjukuu wangu.”

Kabula alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda; mifupa ya shingo ilionekana. Lakini hakukipeleka mdomoni. Alituzungushia macho, mmoja baada ya mwingine, akakaa vile mpaka uji ukafanya utando juu.

“Unaona?” Masanja alininong'oneza. “Anaujua ulivyo.”

Nami nikaamini. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikaelewa alichokuwa anakitafuta katika nyuso zetu: ni nani kati yetu angefika nyumbani jioni ile na kusema kwamba amemwona akinywa uji wa mtama wetu.