Ufunguo Mfukoni mwa Shivachi

Ngumi za Shivachi nilizijua kabla sijalijua jina lake. Wiki niliyohamia Kabiro, mwaka wa 1976, alimng'oa jino moja muuza makaa aliyesema kwamba mafundi wa magari waliofunzwa Kibera ni wezi. Shivachi alikuwa amefunzwa Kibera. Damu ilimwagika mlangoni pangu na mimi ndiye niliyeipiga deki, kwa hiyo msiniulize kama nilimpenda.

Lakini mpe breki, utaona mtu mwingine kabisa. Alikuwa akifungua gurudumu palepale uani, analegeza kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, anaegemeza pedi kuukuu kwenye pistoni, kisha anaikaza klempu yake, chuma cha kubania, polepole mpaka pistoni irudi ndani. Wenzake walitumia bisibisi na nyundo, wakapasua mipira ya pistoni. Yeye hakuwa na haraka.

"Pistoni haipigwi, Mama Sella," aliniambia siku moja. "Inabembelezwa."

Mkewe, Nasambu, alikuwa akianika nguo, na jicho lake moja lilikuwa limevimba. "Basi heri ningezaliwa pistoni," akasema. Tulicheka, Mungu atusamehe.

Alikuwa na sheria moja. Pistoni ikisharudishwa, pedali ya breki hubaki tupu: ukiikanyaga inazama mpaka chini na gari halishiki. Ni lazima uipampu mara nyingi kwanza, mpaka iwe ngumu. Ndiyo maana ufunguo wa gari ulikaa mfukoni mwake mpaka aipampu mwenyewe. Uwe askari, uwe pasta, ungengoja.

Agosti ya 1979 mwenye ploti yetu, Kihara, alimwoza binti yake Wamuyu. Kihara alikuwa mtu wa kufoka, na siku hiyo alifoka tangu alfajiri, maana gari lake, Pijo ya kumbeba bibi harusi, ilikuwa inalia breki. Shivachi akaitwa abadilishe pedi. Sisi wapangaji tulimenya viazi, na wageni wa bwana harusi walipofika, tukajipanga na akina mama wa Kikuyu nyuma ya geti. Ndiyo desturi yao: geti linafungwa, wageni wanaimba nje, wenyeji wanajibu ndani, na hakuna anayeingia mpaka wenyeji waridhike. Tulisimama tumeelekeza nyuso getini na migongo uani. Tuliimba mpaka masikio yakaziba.

Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa baadaye.

Kihara alikuja na suti mpya akitaka gari literemshwe getini. Magurudumu yalikuwa yamesharudishwa, jeki imetolewa.

"Leta kifunguo."

"Mzee, ngoja nipampu kwanza."

"Unanifundisha gari yangu? Kwa ploti yangu?"

Akamzaba kofi mbele ya wageni wake waliokuwa uani. Shivachi akamrudishia ngumi ya mdomo, shati jeupe la Kihara likalowa damu. Kihara akaokota spana ya magurudumu, akampiga nayo mkononi, mara moja, mara mbili. Mfupa ulivunjika, na waliokuwa karibu waliusikia. Shivachi akaanguka. Kihara akamkanyaga kifuani, akachomoa ufunguo mfukoni mwake, akaingia garini na kuliwasha.

Ua wetu una mteremko mpaka getini.

Mimi nilisikia kelele moja tu, kisha nikabanwa. Wenzangu waliruka. Mguu wangu wa kushoto ulibaki kati ya bampa na nguzo ya geti, na nilipogeuza kichwa niliuona uso wa Kihara nyuma ya kioo, mdomo una damu, bado anakanyaga. Mguu ulikatwa Jumatatu, juu ya goti.

Kihara hakumsingizia mtu. Alilia wodini kama mtoto: "Nilimnyang'anya ufunguo." Kodi hakunidai tena, nami lawama zangu zote nilimtwika yeye. Shivachi mkono wake uliunga ukiwa umepinda. Kila asubuhi, kwa miaka mitano, aliniletea mtungi wa maji kutoka bombani, akauweka mlangoni na kwenda zake. Nilisema moyoni, huyu mtu tulimhukumu vibaya. Nilianza kumpikia chai.

Siku moja mwaka wa 1984 alikunywa chai hiyo, akaweka kikombe chini.

"Mama Sella, siku ile nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Kihara alikaa pale akitafuta gia. Dirisha lilikuwa wazi. Neno moja tu, pampu, angelisikia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka afe. Niliangalia gari, sikuangalia geti."

Nilichukua gongo langu la kutembelea nikampiga kichwani. Nikampiga begani. Kisha nikautafuta ule mkono uliopinda, nikaupiga hapohapo ulipounga, nikaupiga tena. Mtu aliyeng'oa jino kwa ajili ya neno moja hakuinua hata kidole. Nasambu alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama. Hakuniambia niache.

Kesho yake asubuhi mtungi ulikuwa mlangoni, umejaa. Niliumwaga wote uani, nikakaa na kiu mpaka jioni.